Mkunga Aamue, Daktari Aitikie

Katika vikao vya afya vya Kivu Kaskazini, kuanzia Goma hadi vijiji vya Walikale, kuna neno ambalo husemwa kana kwamba halina mpinzani: akina mama wetu wanakufa kwa kuwa madaktari ni wachache. Ileteeni zoni ya afya ya Kibua madaktari, na vifo vya uzazi vitapungua. Hadi siku hiyo ifike, mkunga aendelee kuwa mkono wa daktari, afanye anachoagizwa na asubiri asichoagizwa.

Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine ni madaktari waliopasua kwa mwanga wa tochi. Wengine ni wazee wa vijiji waliozika binti zao pamoja na wajukuu ambao hawakupata kulia. Lakini wamekosea, na kosa lao halikai kwenye karatasi za mkutano tu. Linashuka hadi chumba cha kujifungulia, usiku, wakati mwanamke anatokwa damu na mtu pekee aliye karibu naye amefundishwa kwamba uamuzi si wake.

Hoja yangu inaanzia kwenye saa. Watafiti wa vifo vya uzazi, Deborah Maine akiwa miongoni mwao, walikwisha kukadiria muda alio nao mama tangu tatizo lianze hadi afe asipopata matibabu. Akitokwa damu nyingi baada ya mtoto kutoka, ana kama saa 2. Damu ikianza kabla ya kujifungua, kama saa 12. Kifafa cha mimba humpa siku 2 hivi, uchungu uliokwama siku 3, maambukizi siku 6. Ni wastani tu. Wapo wanaokufa upesi zaidi. Hata hivyo makadirio hayo yanatufundisha jambo moja ambalo vikao vyetu huliruka: hatari za uzazi hazina mwendo mmoja, kwa hiyo haziwezi kuwa na bwana mmoja.

Sasa ziweke saa hizo juu ya ramani. Kibua iko pale Masisi inapokutana na Walikale, kwenye barabara inayotoka Masisi ikipitia Nyabiondo na Kashebere kuteremka kuelekea Walikale-kati. Mvua ikinyesha, barabara hiyo inakuwa tope. Mvua ikikatika, kuna vizuizi vya watu wenye bunduki. Vijiji vya pembeni havina hata hiyo barabara; mgonjwa hubebwa kwa tipoi mabegani mwa vijana, wakipokezana kupanda na kushuka milima. Mwanzoni mwa 2025 vita vilikuja upande huo, na tarehe 19 Machi waasi wa M23 wakaingia Walikale-kati. Katika majira kama hayo hata pikipiki haitembei, na mwenye pikipiki yuko msituni na familia yake.

Mama wa kijiji cha mbali anayetokwa damu ana saa 2. Hospitali kuu ya rufaa iko mbali kuliko saa 2. Basi kiongozi wa matibabu yake ni yule aliye naye chumbani, awe ameandikwa kwenye mchoro wa ofisi au hakuandikwa. Hapo hatuna la kuchagua. Tunachoweza kuchagua ni kama kiongozi huyo awe na dawa, mafunzo na ruhusa, au awe na woga.

Nitajibiwa: ndiyo maana tunataka daktari katika kila kituo. Haya, tuhesabu. Kongo ina zoni za afya zaidi ya 500, na kila zoni ina vituo vyake kadhaa. Daktari anayepelekwa kijijini ana watoto wanaotaka shule, ana mshahara unaochelewa, ana mke au mume aliyebaki Goma. Risasi zikilia ana mahali pa kwenda, na simlaumu akienda. Mkunga mara nyingi ni mwenyeji. Amezaliwa huko, ameolewa huko, na kijiji kikikimbia anakimbia nacho, kisha anazalisha chini ya hema la plastiki kambini. Kupanga huduma ya uzazi ya Kibua juu ya mtu ambaye hali yenyewe inamsukuma kuondoka, ilhali aliyebaki anaitwa msaidizi, ni kupanga kwa kutazama Kinshasa.

Halafu kuna takwimu ambayo wenye hoja ya uhaba hawapendi kukaa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba nchini Kongo karibu wanawake 8 katika kila 10 walijifungua kwa msaada wa mtumishi wa afya aliyefunzwa. Uchunguzi huohuo ulihesabu vifo vya akina mama 846 kwa kila vizazi hai 100,000, hesabu iliyo kati ya kubwa duniani. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba hata mwaka 2023 wanawake wapatao 19,000 walikufa Kongo kwa sababu za uzazi, kama 7 katika kila vifo 100 vya aina hiyo duniani kote. Isome tena hiyo 8 kwa 10. Wanawake walikuja. Walifanya kile redio ilichowaambia: usijifungulie nyumbani, nenda materinite. Walifika mlangoni, wakapokewa, na bado wengi mno wakafa. Sehemu ya maradhi yetu imo ndani ya jengo.

Ndani ya jengo kuna nini? Kuna mama mzalishaji, mara nyingi mmoja kwa zamu ya usiku. Katika vituo vingi vyetu oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mwingine. Sindano ya salfeti ya magnesiamu, inayozuia kifafa cha mimba, inaogopwa kwa sababu imezoeleka kuitwa dawa ya daktari. Kikombe cha kumvutia mtoto aliyechelewa njiani ama hakipo, ama kipo na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Barua ya rufaa inangoja sahihi ya muuguzi mkuu wa kituo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutamka mwaka 2012 kwamba mkunga aliyefunzwa anaweza kutoa dozi ya kwanza ya magnesiamu, kutumia kikombe hicho na kutoa kondo la nyuma kwa mkono. Miaka imepita, na katika vyumba vingi vya kujifungulia vya nchi yetu mkunga bado anatuma mtu akamwamshe mkubwa.

Anayedhani haya ni maneno ya wanaharakati aangalie nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusisha wanawake zaidi ya 210,000. Chini ya mama aliyejifungua iliwekwa plastiki yenye mistari ya kupimia, ili damu ionekane kwa kipimo badala ya kukisiwa kwa jicho. Ikifika mililita 500, yanafanywa mambo yote kwa pamoja bila kungoja: tumbo la uzazi linasuguliwa, anapewa dawa ya kulikaza, anapewa dawa ya kugandisha damu, anawekewa serumu, anachunguzwa damu inatoka wapi. Matokeo mabaya ya kutokwa damu, yaani damu ya lita moja au zaidi, upasuaji wa dharura wa kuizuia, au kifo kwa sababu yake, yalipungua kwa asilimia 60. Siri haikuwa kuongeza madaktari. Mtumishi aliye pembeni ya kitanda, ambaye mara nyingi ni mkunga, alipewa kipimo kinachomwambia anza, na kuanza huko hakukuhitaji ruhusa ya mtu aliye jengo jingine.

Hapa hutolewa methali. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni methali ya watu wa pwani, lakini imepanda hadi milimani kwetu, na husemwa kwa furaha na yule aliye tayari kuwa nahodha. Mimi siipingi. Naipenda, kwa kuwa inaniunga mkono. Kibua ya leo ndiyo yenye manahodha wengi: mkunga anaona, muuguzi mkuu wa kituo anatia sahihi, daktari wa hospitali anakubali au anakataa kumpokea mgonjwa, daktari mkuu wa zoni anaulizwa kuhusu mafuta ya gari. Wanne, na kila mmoja ana neno la kuchelewesha. Ninachotaka ni nahodha mmoja kwa kila hatua, anayejulikana kabla ya dhoruba. Uchungu unapoendelea salama na saa ya kwanza ya hatari inapoanza, nahodha ni mkunga. Mama akifika meza ya upasuaji, ni daktari. Katikati ya hapo, mkunga akisema huyu anaondoka sasa, hakuna mwenye haki ya kusema subiri kwanza.

Tuliacha lini kuamini kwamba asiye daktari anaweza kubeba uamuzi mzito? Historia yetu wenyewe inatukanusha. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba, wauguzi na wazalishaji waliofunzwa na serikali ya kikoloni na misheni. Wabelgiji wengi walipoondoka kwa haraka, hao ndio waliobeba hospitali, na ndipo Shirika la Afya Duniani likawapeleka baadhi ya wasaidizi wa tiba Ufaransa kumalizia udaktari. Miaka ya 1980, huko Karawa kaskazini-magharibi mwa Zaire, wauguzi waliofunzwa kazi hiyo walikuwa wakiwapasua akina mama waliokwama, na mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha habari za kazi yao. Tanzania imewatumia maofisa tabibu wasaidizi kupasua wajawazito kwa miongo mingi. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji, na baadaye ikaonekana kwamba ndio waliofanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Ikiwa kisu chenyewe hakikuwa mali ya daktari peke yake, sindano ya oksitosini imekuwaje?

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili naitaja mwenyewe, maana wao huitaja vibaya. Kivu imewaona madaktari ambao uongozi wao ulibadilisha maisha ya wanawake. Denis Mukwege aliingia udaktari akitaka kutibu watoto. Huko Lemera akaona jinsi wanawake wanavyofika wakiwa wamechelewa, akageukia uzazi. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, ilikusudiwa kwanza kuwahudumia wajawazito. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa walishusha vifo vya akina mama kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991. Basi, husemwa, yaone hayo: madaktari wakiongoza, mama anapona.

Nayaona, na ningependa tuyaone vizuri. Kigoma haikumiminiwa mabingwa. Kilichofanyika ni mambo ya kawaida kabisa, mengi kwa mali iliyokuwapo palepale: damu ya kuongezea ipatikane, dawa zisikatike, vifaa vilivyoharibika vitengenezwe, watumishi wakae pamoja wajadili kilichokwenda kombo, watu wafanye kazi wakiwa na moyo. Mbaruku aliongoza kwa kuifanya hospitali nzima iweze kuitikia. Huo ndio uongozi wa daktari ninaoutetea, na ni mgumu kuliko ule wa kuamrisha. Na wale wanawake wa fistula wanaorekebishwa Panzi na katika hospitali ya HEAL Africa pale Goma? Wengi wa wenye fistula ya uzazi walikaa na uchungu uliokwama siku mbili, siku tatu, huku mtoto amebana njia. Bingwa hushona kilichochanika. Wa kuzuia kisichanike ni yule aliyekuwa akitazama patografu, ile chati ya mwendo wa uchungu, saa sita kabla ya hatari, iwapo patografu ilijazwa wakati wa uchungu. Wapo wanaoijaza asubuhi kwa kumbukumbu ili msimamizi akija aikute safi, na kila aliyefanya kazi materinite anajua ninachosema.

Nisieleweke vibaya na rafiki zangu wa upande wangu pia. Kuna wimbi jipya, lina semina zake na fulana zake za tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani, linalosema mkunga hahitaji daktari hata kidogo. Hutaja uchambuzi mkubwa wa majaribio ya huduma inayoongozwa na wakunga; ule wa 2024 ulikusanya majaribio 17 na wanawake zaidi ya 18,000, na ulionyesha faida za kweli. Lakini majaribio hayo yalitoka nchi ambazo gari la wagonjwa liko nje ya mlango na chumba cha upasuaji kina umeme. Hakuna Kibua hata moja ndani yake. Mkunga wa Kibua anayeachwa peke yake kwa jina la uhuru wa taaluma ametelekezwa. Mama aliyekwisha kupasuliwa mara mbili anahitaji daktari, na anahitaji aambiwe mapema. Huko Masisi, hospitali kuu iliyokuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka iliweka nyumba ambamo wajawazito wa hatari walingojea siku zao karibu na upasuaji. Ni mpango mzuri. Ila nyumba hiyo haijazi vitanda yenyewe: lazima mtu kijijini, kwenye kliniki ya wajawazito, amtambue mama huyo mwezi wa nane wa mimba na amwambie aondoke kabla barabara haijafungwa. Mtu huyo ni mkunga, na jicho lake likikosea daktari hatajua.

Kwa hiyo elimu yake si jambo dogo. Wazalishaji wetu wametoka shule za viwango tofauti. Kuna waliopitia taasisi za sekondari za tiba, kuna waliofika ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, kuna waliojifunza kwa kusimama nyuma ya mtawa miaka ya zamani. Baadhi hawajapata mafunzo mapya tangu wapewe cheti. Na kuna jambo baya la kusema: wapo wanaowatukana wanawake wenye uchungu, hata kuwapiga. Ukimpa mtu wa namna hiyo madaraka bila mafunzo na bila kumwuliza, umewaongezea wanawake hatari nyingine. Lakini tazama jinsi udhaifu huo unavyotumiwa. Daktari kijana anafika hospitalini ametoka chuo kikuu juzi, si bingwa wa uzazi, maana hospitali zetu za rufaa vijijini huendeshwa na madaktari wa jumla. Yeye udhaifu wake unaitwa ujana, na dawa yake ni kupewa nafasi ajifunze. Anamkuta mama aliyepokea watoto tangu daktari huyo yuko primeri, na udhaifu wa mama huyo unaitwa sababu ya kumnyima nafasi. Siku ya kwanza mama anamwita Dokta. Yeye anamwita kwa jina tupu.

Swali la lawama nalo huja: mkunga akiamua vibaya, nani atafungwa? Nauliza na mimi: mama akifa leo, ndugu wanamkamata nani shati? Mkunga. Anayesutwa sokoni ni nani? Mkunga. Lawama amekwisha kupewa zote; kilichozuiliwa ni uwezo. Kifo cha mzazi ni tukio ambalo zoni hutakiwa kulitolea taarifa na kulichunguza, na katika uchunguzi huo huulizwa sana mama alichelewa wapi. Yaongezwe maswali mawili, na majibu yaandikwe kwa saa na dakika: mkunga aliita saa ngapi, na aliyeitwa aliitikia saa ngapi? Nina hakika kurasa hizo zingebadilisha tabia za watu wengi, wakiwamo wakunga wanaoficha uchungu mbaya kwa kiburi.

Fedha nitazipitia haraka, ingawa ndizo zinazouma. Watumishi wengi wa vituo vya vijijini hawana mshahara wa serikali au wana posho tu. Wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Kituo kinachompeleka mama hospitalini kinapoteza ada ya uzazi huo. Mkunga anayesema aende sasa anawaondolea wenzake chakula, na wote wanajua. Mpango wa kujifungua bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ungeweza kukata mzizi huo kama kituo kingelipwa sawasawa kwa mama aliyezalia hapo na kwa mama aliyepelekwa mbele kwa wakati. Bila hivyo, maneno yote ya ushirikiano ni hotuba.

Uongozi una viti pia. Katika timu inayoongoza zoni utamkuta daktari mkuu, daktari mkurugenzi wa hospitali, msimamizi wa fedha, wauguzi wasimamizi. Mkunga akiwamo, mara nyingi ameingia kama muuguzi. Uzazi ni kazi ya kila siku ya kila kituo, lakini wanaogawa mafuta, dawa na pikipiki hukaa mezani bila mtu ambaye kazi yake ni uzazi peke yake. Kiti kimoja, kwa jina la ukunga, chenye haki ya kura, si fadhila kubwa.

Mengine yanangoja amani, barabara na serikali. Hili halingoji. Daktari mkuu wa zoni ana uwezo, kwa kalamu yake mwenyewe, wa kuandika amri ya kudumu ya ukurasa mmoja na kuibandika katika kila chumba cha kujifungulia: mkunga aliye zamuni atoe oksitosini, magnesiamu na dawa ya kugandisha damu bila kuuliza, ufunguo wa kabati ukae naye, akisema mama anaondoka, anaondoka, na sahihi itafuata, hospitali ikipigiwa simu au redio haina ruhusa ya kukataa, na daktari wa zamu aandike saa aliyojibu. Kila mwezi atenge siku ya kuwafundisha wakunga kile amri hiyo inachowadai, na siku hiyo akubali kufundishwa nao. Dokta, karatasi hiyo haihitaji bajeti ya Kinshasa wala mradi wa wafadhili. Iandike wiki hii, uitie sahihi, na siku mkunga atakapokuita usiku, itika.